Hodi kwenye Mkahawa wa Taifa

Kulikuwa na nchi moja, na kwa kuwa nchi hiyo si yako wala si yangu, hakuna haja ya kutazamana wakati naisimulia. Iliitwa Jamhuri ya Shwari. Ilikuwa na bendera, wimbo, jeshi lenye tarumbeta kumi na saba, na sheria moja maarufu kuliko zote, Sheria ya Kiti na Wima.

Sheria yenyewe ilikuwa ya huruma sana. Iliwagawa wananchi mafungu mawili ili wasichokozane. Fungu la kwanza, Wakiti, waliruhusiwa kuketi popote penye paa la serikali: mkahawani, mahakamani, stesheni, hospitalini. Fungu la pili, Wawima, waliruhusiwa kusimama mahali hapohapo kwa muda wowote waupendao. Watu wenye vijicho walisema huo ni ubaguzi. Serikali ikawajibu kwamba ubaguzi ni pale mtu anaponyimwa kitu, ilhali Mwima hakunyimwa kitu, alipewa kusimama.

Namna ya kuwatenganisha ilikuwa ya kisayansi. Kila mtoto akitimiza miaka saba alipelekwa Ofisi ya Rangi, akaulaza mkono wake kando ya Kikombe cha Taifa kilichojaa chai ya maziwa. Mkono ukiwa mweupe kuliko chai, mtoto ni Mkiti. Ukiwa mweusi kuliko chai, ni Mwima, yeye na ndoto zake zote. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ndogo: chai ilipikwa palepale ofisini, kwa maziwa yaliyopatikana siku hiyo. Mwaka wa ukame ng'ombe walikauka, chai ikatoka nyeusi tii, na watu wengi wakapata viti. Mwaka wa mvua njema maziwa yalikuwa tele, chai ikapauka, na tarafa nzimanzima zikasimama. Ndiyo sababu wazazi wa Shwari walikuwa watu pekee duniani walioomba ukame watoto wao walipokaribia miaka saba.

Mzee Tawakali alipimwa mwaka wa mvua. Kaka yake, tumbo moja, baba mmoja, alipimwa mwaka wa ukame, na sasa alikuwa karani mkubwa mwenye kiti cha kuzunguka. Wakikutana barabarani walipungiana mikono kwa mbali, maana kaka alikuwa na cheo cha kulinda.

Yeye Tawakali alikuwa mhudumu wa Mkahawa wa Taifa, mkahawa wa serikali uliotazamana na Bunge. Miaka thelathini na moja aliufungua mlango ule alfajiri, akawasha jiko, akafuta viti mia moja na ishirini, na hakuwahi kukalia hata kimoja. Miguu yake ilikuwa imesahau kutulia. Hata nyumbani kwake, ambako sheria haikumfuata, alikunywa chai akitembea, kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi, kutoka kwenye mtungi hadi mlangoni. Marehemu mkewe alizoea kumfuata nyuma na sahani ya wali.

*

Sasa basi, kabla ya Sheria ya Kiti na Wima kulikuwa na Katiba, na Katiba iliandikwa na watu waliopenda kusifiwa na wageni. Kifungu cha Kwanza kilisema hivi: "Mgeni akipiga hodi, naye mwenyeji akamwitikia karibu, mgeni huyo ni amana ya Jamhuri. Ataketishwa, atapewa cha kutia kinywani, wala hataulizwa lililomleta mpaka atosheke. Atakayemgusa amemgusa Rais."

Hawakubuni kitu. Ndivyo watu wa Shwari walivyolelewa, Mkiti na Mwima. Mtoto aliyesikia hodi akanyamaza alifinywa na mamaye mpaka akaitikia. Na mgeni naye alikuwa na adabu yake: alipiga hodi tatu, na asipoitikiwa alikwenda zake kimya, bila kuchungulia dirishani. Wabunge walipopitisha Sheria ya Kiti na Wima walisahau kukitazama Kifungu cha Kwanza. Wengine walisema hawakukisahau, ila hawakuwahi kukisoma.

Aliyekisoma alikuwa Hidaya, mtoto pekee wa Mzee Tawakali, mwalimu wa shule ya Wawima, ambako watoto themanini walijifunza hesabu wakiwa wamesimama na madaftari migongoni mwa wenzao. Alinunua karanga. Karatasi iliyofungiwa karanga zile ilikuwa ukurasa wa kwanza wa Katiba, maana hata serikali ya Shwari ilikuwa na mahali pa kutupia karatasi. Alizila karanga, akasoma karatasi, akairudia kuisoma, kisha akatoka kuwaita majirani.

Wakajifunza wiki tatu uani kwake. Nusu yao walijifanya polisi na wateja, wakatukana matusi ya kila namna, wakamwaga maji ya majivu, wakavuta watu kola. Nusu nyingine ilitakiwa kusimama, kusubiri, na kusema neno moja tu. Palikuwa na fundi baiskeli mmoja mwenye hasira za mkizi, ambaye siku ya kwanza alimtia kofi jirani yake aliyekuwa anajifanya inspekta.

"Hapana, kaka," Hidaya akamwambia. "Ukipiga, wewe si mgeni tena. Na sisi tunakwenda kama wageni."

"Yeye kanitukania mama!"

"Na atakutukania tena, na bibi yako pia. Wewe piga hodi."

Fundi akajaribu tena, na tena. Siku ya tisa alitukanwa ukoo mzima, akabaki anatetemeka, machozi yanamtoka, na akapiga hodi kwa sauti nzuri kuliko wote. Watu wakampigia makofi. Alikasirika kupigiwa makofi, lakini hakumgusa mtu.

*

Jumatatu, saa mbili asubuhi, watu arobaini walijipanga mbele ya Mkahawa wa Taifa. Wanaume walinyoosha mashati, wanawake walivaa nguo walizoziweka kwa ajili ya harusi. Hidaya alisimama mbele.

"Hodi wenyewe!"

Ndani, vikombe vilisimama njiani kuelekea midomoni. Jambo lisilotegemewa likaanza kuonekana: koo za Wakiti zilikuwa zinacheza. Walikuwa wamefinywa utotoni kama watu wengine.

"Hodi!"

Bibi mmoja wa Kikiti, mjane wa jenerali, alikuwa na sambusa mdomoni. Akaanza, "Kari..." Mwanawe akamziba mdomo kwa kitambaa cha meza.

"Hodi jamani!"

Kimya. Mzee Tawakali, aliyekuwa amebeba sinia la mandazi, aliyumba. Ile ilikuwa sauti ya mwanawe, na alimfundisha yeye mwenyewe kupiga hodi, akiwa na miaka mitatu, kwenye mlango wa jirani. Hakuitika. Aliondoka haraka kwenda jikoni, akarudi na sinia lilelile, akaenda tena.

"Haya," alisema Hidaya kule nje. "Wenyewe hawapo. Tutarudi kesho."

Wakarudi kesho, na kesho kutwa. Hawakutupa jiwe, hawakuimba wala hawakupandisha sauti. Walipiga hodi tatu na kwenda zao. Kufikia Alhamisi wateja walikuwa wamekonda. Mtu anaweza kula mbele ya mwenye njaa akazoea, lakini kuacha hodi bila jibu siku nne mfululizo kulikuwa kunaharibu matumbo.

Jumamosi jioni Waziri wa Mpangilio wa Watu, Mheshimiwa Sudi Mapambio, alihutubia taifa kwa redio.

"Ndugu wananchi," alisema, kwa sauti iliyopitia puani kabla ya kufika redioni, "nchi yetu imevamiwa. Imevamiwa kwa adabu! Adui mwenye bunduki tunamjua, na tarumbeta za kumpigia tunazo. Lakini adui anayenyoosha shati, akaja mlangoni, akasema hodi na kusubiri, huyo ni adui hatari, kwa kuwa hatukumwandalia silaha. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Serikali yenu tukufu imeamua kuanzia siku ya tatu."

Ndipo ikatoka Amri ya Kwanza: neno "karibu" lilipigwa marufuku katika majengo yote ya umma.

Amri ilitekelezwa barabara. Jumatatu Waziri wa Mifugo alikwenda kumwona Rais, akapiga hodi mlangoni, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwitikia, naye akiwa mtu wa adabu, akabaki koridoni. Jumanne koridoni walikuwa mawaziri saba. Walikuwa hawajapata kusimama muda mrefu hivyo tangu wapimwe mikono, wakalalamika ndama za miguu zinawaka. Wakaagiza benchi. Mpeleka benchi alikwama mlango wa stoo, akipiga hodi. Harusi ya mpwa wa Spika ilifungwa bwana harusi akiwa barazani na kadhi akiwa ndani ya ofisi yake, wakijibizana kupitia dirishani. Nchi nzima ilikuwa inatembea huku na huko mbele ya milango, haina pa kuweka mikono.

Waziri Mapambio akaongeza amri. Amri ya Pili: mwenyeji yeyote atakayemkaribisha Mwima ataadhibiwa miaka miwili katika mashamba ya mkonge. Amri ya Tatu: yeyote atakayepiga hodi tatu asiitikiwe, atahesabiwa mvamizi, naye ni miaka miwili mkonge. Amri hizo zingeanza Ijumaa.

Mkonge wa Shwari ulijulikana. Vijana waliokwenda walirudi wamepungua vidole. Wazee waliokwenda, familia zao ziliendelea kusubiri.

*

Tatizo lililobaki lilikuwa midomo ya Wakiti. Siku yoyote mmoja wao angeteleza, na ulimi hauna mfupa. Wizara ikaajiri mtaalamu, na mtaalamu, baada ya kula vizuri siku nne, akatoa ripoti. Karibu ina nguvu, aliandika, ikiwa tu imesemwa na mwenyeji. Mwima hawezi kuwa mwenyeji wa nyumba asimoruhusiwa kuketi. Kwa hiyo, Wakiti wote waondolewe mkahawani saa mbili asubuhi, na mlangoni awekwe Mwima. Huyo hata akiropoka, itakuwa ni kasuku kaongea.

Meneja wa Mkahawa wa Taifa, Bwana Shangwe, mtu mnene aliyependa kusikia viatu vyake vikilia sakafuni, alimwita Mzee Tawakali Alhamisi asubuhi.

"Hongera, mzee! Umepandishwa cheo. Kuanzia kesho wewe ni Afisa Mlango."

"Afisa Mlango anafanya nini, bwana?"

"Hafanyi kitu. Ndiyo uzuri wa cheo chenyewe. Anasimama, anasikia hodi tatu, ananyamaza. Polisi wanafanya yaliyobaki."

Mzee Tawakali alianza kufuta meza iliyokwisha futwa. "Mmoja wao ni mwanangu."

"Tunajua. Tumekuchagua kwa ajili hiyo, ili wajue serikali haina upendeleo." Meneja akamshika bega. "Na usihangaike moyo. Karibu yako haihesabiki, mtaalamu kaandika. Hata ukiitika, hutamsaidia. Sasa ya nini kujitafutia balaa?"

Mzee Tawakali alisema ndiyo, bwana. Miaka thelathini na moja ulimi wake ulikuwa umezoea njia hiyo.

Jioni Hidaya alimkuta baba yake nyumbani anatembea. Mlangoni hadi kwenye mtungi, mtungini hadi mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kesho usiende."

"Keti kwanza, baba."

"Sitaki kuketi! Usiende kesho, Hidaya. Watakupeleka mkongeni. Mimi ndiye nitakayekuwa mlangoni. Wameniweka mimi, unasikia? Kama hukuwa unajua, sasa unajua."

Alikuwa hajui. Aliangalia miguu ya baba yake ikipita na kurudi.

"Nitakwenda," alisema hatimaye. "Wamejiandaa watu arobaini, baba. Fundi baiskeli hajampiga mtu tangu mwezi uliopita. Siwezi kubaki nyumbani."

"Basi nitakuitikia," alisema mzee, na sauti yake ilikatika. "Nitakuitikia, wanifanye watakalo. Wewe ni mwanangu."

"Usiniitikie kwa hilo." Hidaya aliinuka, akasimama njiani kwake, naye mzee ikambidi asimame. "Kama ni mimi tu unayeniona pale mlangoni, baba, nyamaza, nami sitakulaumu mpaka kufa. Nyuma yangu kuna watu thelathini na tisa. Ukiitika, itika kwa sababu kuna mtu mlangoni."

"Karibu yangu haina kitu. Wameandika."

"Labda," alisema Hidaya. "Lakini wameiandikia ripoti."

Mzee Tawakali hakula usiku huo. Aliogopa. Hakuna sababu ya kumpamba: alikuwa na miaka sitini na mbili, goti moja bovu, na aliogopa mkonge, na zaidi ya mkonge aliogopa kwamba asubuhi ulimi wake ungesema ndiyo, bwana.

*

Ijumaa mtaa ulijaa. Polisi wamepangwa pembeni na lori lao mdomo wazi. Mkahawani hamkuwa na mteja, viti mia moja na ishirini vilikuwa vitupu, na Mzee Tawakali alikuwa mlangoni na kofia mpya ya Afisa Mlango iliyomziba masikio nusu. Bwana Shangwe alijificha nyuma ya birika kubwa.

Wale arobaini wakafika, nguo safi. Watu wengine waliokuwa kando ya barabara walianza kuwatukana. Mmoja alimrushia fundi baiskeli nyanya, ikapasuka kifuani kwenye shati jeupe. Fundi aliitazama nyanya, akaitazama mbingu, akashusha pumzi.

"Hodi wenyewe," alisema Hidaya.

Mzee Tawakali alitazama juu ya vichwa vyao. Inspekta wa polisi alinyoosha kidole kimoja hewani.

"Hodi."

Kidole cha pili. Miguu ya mzee ilikuwa inachezacheza ndani ya viatu. Akateremsha macho. Alimwona mwanawe, na akajilazimisha kumpita. Nyuma yake alimwona fundi na nyanya yake. Nyuma ya fundi alikuwepo mama mmoja mjamzito, kisha mzee wa rika lake, muuza mkaa, aliyepiga pasi mpaka kanzu ilikuwa na mikunjo ya kukata. Muuza mkaa yule alikuwa amesimama vibaya, mguu mmoja unaupumzisha mwingine, na Mzee Tawakali aliujua uchovu ule kama anavyoujua mkono wake.

"Hodi, jamani," alisema Hidaya, kwa sauti ndogo.

"Karibuni," alisema Mzee Tawakali. "Karibuni ndani. Mzee, pita uketi, hilo goti najua linakusumbua."

Wakaingia. Inspekta alibaki na vidole vitatu hewani. Alifungua kitabu cha amri, akatafuta ukurasa, hakuupata, akampigia simu Waziri. Wakati anasubiri laini, watu arobaini walikuwa wameketi, na Mzee Tawakali, kwa mazoea, alikuwa ameshawaletea chai na mandazi. Muuza mkaa aliushika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, kana kwamba kingeondoka.

Waziri Mapambio hakukasirika. Alicheka, mpaka simu ikakwaruza.

"Wakamate wote arobaini, na mzee pia. Mzee mshtaki kwa Amri ya Pili."

"Mheshimiwa," alisema inspekta, "Amri ya Pili ni ya mwenyeji. Huyu mtaalamu kasema si mwenyeji."

"Ndiyo maana! Tutamleta mbele ya Jaji, mbele ya taifa zima, tumwulize swali moja: wewe ni mwenyeji? Akisema ni mwenyeji, anakwenda mkongeni. Akisema si mwenyeji, anakwenda nyumbani kulala, na wale arobaini walioingia kwa karibu ya kasuku ni wavamizi, wanakwenda wao. Na atakana. Kila mtu hukana. Atakana kwa kinywa chake, redioni, na hakuna Mwima atakayepiga hodi tena katika nchi hii."

Lazima tukubali kwamba kwa mtu wa serikali hiyo, lilikuwa wazo la akili.

*

Mahakama Kuu ya Shwari ilikuwa na mabenchi ya kutosha. Wakiti waliketi mbele, Waziri akiwa wa kwanza, na kipaza sauti cha redio kiliwekwa karibu na pua yake. Wawima walisimama nyuma ya kamba, wakabanana hadi nje kwenye ngazi. Wale arobaini walisimamishwa ukutani, wamefungwa kamba ndefu moja. Mzee Tawakali alikuwa kizimbani, na mbao za kizimba zilikuwa zinalia chini yake, kwi, kwi, kwi.

"Mshtakiwa asimame kwa utulivu," alisema Jaji Mtulya, mtu mkavu aliyezifuata sheria zote bila kuzipenda wala kuzichukia.

"Najaribu, mheshimiwa."

Wakili wa serikali alikuja taratibu, mikono imekunjwa, kama mtu anayekuja kumpa pole mfiwa.

"Mzee wetu," alisema, "hatuna ugomvi nawe. Umri wako ni wa kupumzika. Hapa nina karatasi imeshapigwa taipu, inasema: mimi Tawakali si mwenyeji wa Mkahawa wa Taifa. Neno moja tu, mzee, na jioni uko kwako."

"Nikisema hilo, hawa wanakwenda wapi?"

"Hao ni shauri jingine."

Mzee Tawakali alimtazama Hidaya. Alitaka amwambie la kufanya, walau kwa jicho. Hidaya alikuwa amegeuza uso dirishani makusudi, taya limekaza, asimlazimishe. Mzee alimwona alivyokonda shingo. Aliona pia vidole vya muuza mkaa, vyote kumi, vimeshika kamba. Akawaza mkonge na miiba yake, akawaza goti lake, akawaza kaka yake kwenye kiti cha kuzunguka akisikiliza redio. Kizimba kikalia kwi, kwi.

"Naomba uulize swali, baba," alimwambia wakili. "Uliulize hasa."

"Je, wewe ni mwenyeji wa Mkahawa wa Taifa?"

"Mlango ule naufungua mimi," alisema Mzee Tawakali. Sauti ilikuwa inatetemeka lakini iliendelea kwenda. "Miaka thelathini na moja. Mtu akija asubuhi, humkuta nani? Hunikuta mimi. Kiti cha tatu dirishani mguu wake mbovu, Bwana Shangwe hajui, mimi najua, simketishi mtu mzito pale. Mheshimiwa Waziri hapendi hiliki kwenye chai, na hajawahi kuniambia. Nilimwona tu anavyokunja pua. Mjane wa jenerali akija siku ya kumbukumbu ya mumewe, namwekea kikombe cha pili mbele yake, na haulizi nani kanituma. Kama mimi si mwenyeji pale, mheshimiwa Jaji, basi nyumba ile haina mwenyewe, na nyote mmekuwa mkiingia bila kukaribishwa. Mimi ndiye mwenyeji. Niandike hivyo."

"Mzee hajalielewa swali!" alipiga kelele Waziri, akasahau kwamba kipaza sauti kiko puani pake. Tarumbeta zote kumi na saba zisingeifikia kelele hiyo.

"Nimelielewa, Mheshimiwa. Nimelielewa tangu Ijumaa."

Jaji Mtulya aliandika. Kalamu yake ilisikika. Alisoma alichoandika, akakipitia mara ya pili, akavua miwani.

"Mshtakiwa amekiri kosa," alisema. "Mahakama hii haina njia ya kukiri kwa niaba yake kwamba hakukiri. Amri ni yako, Mheshimiwa Waziri, mimi naisoma tu. Mshtakiwa ni mwenyeji, kwa hiyo ana hatia, na adhabu yake ni miaka miwili mkongeni." Akaifuta miwani. "Na kwa kuwa ni mwenyeji, washtakiwa wale arobaini walikaribishwa. Ni amana ya Jamhuri. Wafungueni. Atakayewagusa amemgusa Rais."

Hakuna aliyeshangilia. Watu walikuwa bado wanahesabu vidoleni kilichotokea. Hidaya aliita "Baba!" mara moja tu, kisha akajiziba mdomo kwa mikono iliyokuwa inafunguliwa kamba.

"Mshtakiwa ana neno?" aliuliza Jaji.

Mzee Tawakali alikuwa anatazama kule nyuma. "Nina neno, mheshimiwa, ila si kwako. Wageni wangu wamesimama tangu asubuhi." Akawageukia watu waliokuwa ukutani, na wale wa nyuma ya kamba, na wale wa kwenye ngazi. "Jamani, msisimame. Ketini."

Kwanza aliketi muuza mkaa, palepale sakafuni, akinyoosha goti lake. Akafuata fundi, halafu mama mjamzito, ambaye Mkiti mmoja wa benchi la mbele, bila kufikiri, alimsogezea nafasi. Kisha nyuma yote ya mahakama ikateremka, watu mia tatu au zaidi, nguo zikichakarika hadi nje mlangoni. Karani wa mahakama, aliyeona mambo yanaharibika, akaamua kufunga kikao haraka.

"Wote simameniii!"

Jaji Mtulya akasimama, kama ilivyo desturi, ili atoke. Hakuna mwingine aliyesimama. Waziri alijiinua nusu, akatazama kushoto, akatazama kulia, akajikuta peke yake na kitako hewani, akaketi. Jaji alibaki wima katika joho lake jekundu, hajui kama anaruhusiwa kwenda.

Mzee Tawakali mwenyewe hakuketi. Mwenyeji huketi mwisho. Aliwapitia kwa macho safu kwa safu, aone kama kuna aliyesahaulika, na chini ya dirisha alimwona Hidaya ameyakumbatia magoti yake, analia waziwazi. Akamtikisia kichwa kumwambia kwamba yuko salama, ingawa hakuwa salama. Kisha akamtafuta askari wa pingu, bwana mmoja wa makamo, Mwima kama yeye, na akamkuta amejibanza kwenye ngazi ya kizimba, viatu kavilegeza, ameketi.

"Inuka, ndugu yangu," alimwambia taratibu, akimnyooshea mikono yote miwili. "Mimi na wewe tuna safari."